Meza Tulinunua, Simu Hatukupiga: Kisa cha Staa Aliyenyamaza Kitini

Kabla ya kisa

Majina nimeyaondoa, mwaka sikuutaja, njia ya daladala nimeibadili, na mhusika mmoja nimemgeuzia kazi yake. Mgeni mkuu namwita Staa, mchekeshaji aliyekuwa anaendesha kipindi chetu cha televisheni cha mazungumzo na vichekesho namwita Mwendeshaji. Mimi nilikuwa mtayarishaji, yaani yule ambaye kipindi kikipendeza anasifiwa mwingine na kikiharibika anaulizwa yeye. Nawaandikia wanaoanzisha vipindi vya namna hii mikoani, kwa sababu kila mara naona kipya kimezaliwa, na karibu vyote vinaanza kwa kununua kochi.

Kipindi chenyewe

Tulikuwa tunarekodi Mbeya mjini, kwenye ukumbi ambao siku za kazi ni wa semina na Jumamosi ni wa harusi. Alhamisi jioni ulikuwa wetu. Kipindi kilirushwa Ijumaa saa 4 usiku kwenye kituo kidogo kinachohudumia Nyanda za Juu Kusini, na kesho yake asubuhi tunakipandisha YouTube.

Muundo tuliuchukua kwa Wamarekani, na hatukuwahi kuona haya kusema hivyo. Ni ule uliozoeleka tangu The Tonight Show ilipoanza kwenye televisheni ya NBC mwaka 1954, na ambao mwendeshaji Johnny Carson aliukalia kiti kwa miaka 30, kuanzia 1962 hadi 1992: mwendeshaji anafungua akiwa amesimama peke yake na vichekesho vya matukio ya wiki, anakwenda kukaa nyuma ya meza, bendi inapiga, mgeni anaingia kwa makofi na kuketi pembeni yake, wanaongea, matangazo, mgeni wa pili. Wao nyuma ya meza huweka taa za jiji. Sisi tulimpa kazi fundi wa mabango atuchoree mlima Loleza usiku na taa za Mwanjelwa chini yake. Alichora vizuri, ila kileleni aliweka theluji kidogo kama Kilimanjaro, na haikupita wiki bila mtazamaji kutukumbusha.

Ukumbi ulichukua watu 160. Juni na Julai walikuja na makoti na mashuka, na aliyejikunyata hacheki vizuri, kwa hiyo tulikuwa na kijana wa kuwachangamsha kabla kamera hazijawaka. Timu nzima ilikuwa watu tisa. Wawili wengine wa kuwakumbuka katika kisa hiki ni Mtafiti, binti aliyekuwa anamalizia chuo, na Msimamizi wa jukwaa, mzee wa makamo aliyetoka kwenye maigizo na ambaye hakuwahi kukubali kuvaa hedifoni masikio yote mawili.

Staa alivyopatikana

Wasanii wakubwa Mbeya ni wapita njia. Wanakuja kwa shoo, wanalala usiku mmoja au miwili, wanarudi Dar. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kumdaka mtu anapopita. Hatukuwa tunalipa, na kwa hilo hatukuwa wanyonge sana: huko kwa wenzetu pia mgeni maarufu haendi kwa ajili ya pesa ya kukaa kitini. Anakwenda kwa sababu ana kazi mpya ya kutangaza. Kipindi kinampa muda, yeye anatoa hadithi ya kuchekesha. Ni biashara ya kubadilishana.

Staa, mwimbaji wa Bongo Fleva, alikuwa na shoo Jumamosi. Meneja wake ndiye aliyetutafuta, wiki mbili kabla. Tulikuwa na miezi mitano hatujapata mgeni wa ukubwa ule, na naandika hili kwa sababu lilituathiri kuliko tulivyokubali wakati ule. Mtu mwenye njaa haulizi chumvi.

Meneja alituma kwa WhatsApp orodha ya mambo manne yasiyoguswa: mzazi mwenzake, ugomvi wake na mwimbaji mwenzake, lebo aliyotoka, na gari lililorudi kwa wakopeshaji. Nilijibu kwa neno moja, "Sawa." Kisha nikaomba niongee na Staa mwenyewe, dakika 10 tu kwa simu.

"Bosi yuko studio usiku na mchana," akaniambia. "Niulize mimi, kaka. Mimi ndiye yeye."

Nikamuuliza yeye. Alijibu kila kitu, tena vizuri.

Wakati huohuo Mtafiti alipata kitu mtandaoni: kipande cha mahojiano ya redio, Staa akiwa bado hajulikani, akisimulia alivyokuwa deiwaka, yaani konda wa kushikilia, kwenye Hiace ya Uyole kwenda Mbalizi, gari ambalo dereva wake alikuwa kaka yake. Anasimulia kwa dakika moja hivi huku anacheka, jinsi hesabu ya tajiri, yaani pesa ya siku ya mwenye gari, ilivyokuwa inapungua na kaka anamfukuza kazi kila Jumapili na kumrudisha kila Jumatatu. Kwa kipindi cha Mbeya hiyo ilikuwa dhahabu. Meneja alipoulizwa alisema watu wa Mbeya wataipenda sana. Hakudanganya. Alianza kazi na Staa wakiwa Dar tayari, na ya Uyole alikuwa anayasikia kama sisi.

Tukajenga kichekesho. Kofia ya konda. Noti zilizokunjwa kwa urefu za kubana vidoleni. Makonda wawili wa kweli mstari wa mbele, wa kuitia abiria. Mpiga kinanda akatafuta sauti ya honi ya Hiace mpaka akaipata. Staa asijue lolote. Avalishwe kofia, aite abiria, ukumbi uitikie. Kwenye karatasi kilichekesha, na sitajifanya kwamba leo hakinichekeshi.

Kwenye kikao cha Jumanne Mtafiti aliuliza swali moja: "Huyo kaka yake yuko wapi siku hizi?"

Hakuna aliyejua. Mwendeshaji akasema, "Tutamuuliza palepale, ndio utamu wake." Nikaona ni hoja. Tukaendelea na suala la mafuta ya jenereta.

Alhamisi

Tulipanga Staa afike ukumbini saa 10 ili tupate saa mbili na ushee za kukaa naye. Ndege ilichelewa kutua Songwe kwa ukungu, na barabara ya kuingia mjini ilikuwa na foleni ya malori ya Tunduma. Alifika saa 12 na dakika 50. Kurekodi kulikuwa saa 1.

Alikuwa mpole kuliko picha zake. Alisalimia kila mtu, mpaka fundi wa jenereta, akaomba chai ya tangawizi. Nilipata naye dakika saba. Nilizitumia kumwonyesha atakapopita na kuhakikisha jina la shoo yake ya Jumamosi tumeliandika sawasawa. La daladala sikuligusa, maana lilikuwa la kumshtukiza.

Dakika ya sita

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Alisimulia ukungu wa Songwe, ndege ilivyozunguka, na abiria wa kiti cha nyuma aliyeanza kuungama dhambi zake kwa sauti mpaka mkewe akamwambia anyamaze, dhambi hiyo nyingine yeye alikuwa haijui. Waliojifunika mashuka wakayashusha mabegani.

Dakika ya sita Mwendeshaji aliinama chini ya meza, akaibuka na kofia.

"Huyu mgeni wangu, lakini ana deni humu ndani. Nani aliwahi kupanda Hiace ya Uyole, akarudishiwa chenji pungufu?" Mikono ikainuka. "Mwizi wenu huyu hapa!"

Kinanda kikapiga honi. Makonda wakasimama: "Uyole, Uyole! Wawili tu, twende!" Ukumbi ukaitikia. Staa akacheka, akaipokea kofia, ila hakuivaa, aliishika mkononi. Mwendeshaji akamchomekea noti katikati ya vidole vya mkono wa pili, moja moja.

Kamera ya pili ilikuwa imemsogelea. Kwenye mkanda unaona kidole gumba kinaanza kuzipanga zile noti bila mwenyewe kuziangalia, kubwa ndani, ndogo nje, kama konda anavyofanya gari likiwa linatembea. Miaka mingi imepita lakini mkono haujasahau.

"Na dereva si alikuwa brother? Yuko wapi? Tumpigie aje adai hesabu yake."

Nimepima mara nyingi: ni sekunde 11. Staa hakulia wala hakukasirika. Aliziangalia noti, akaendelea kuzipanga. Sekunde ya tatu watu wakaanza kucheka, wakidhani anaigiza mtu anayetafuta pesa pungufu. Mwendeshaji akadhani hivyohivyo, akaongeza, "Mnaona, hesabu haijatimia!" Kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Mmoja wa makonda wa mstari wa mbele hakucheka. Alivua kofia yake, akaketi.

Chumba cha kuongozea

Nilikuwa na njia ya kuongea masikioni mwa watu watatu: Mwendeshaji, kiongozi wa bendi na Msimamizi. Niliona yule konda amekaa, nikajua kuna kitu. Nilichofanya kwanza nilisema, "Bendi." Kiongozi wa bendi akatazama karatasi yake, akaona kinachofuata ni honi. Wakapiga honi.

Kosa hilo ni langu. Neno "bendi" kwake lilikuwa na maana moja tu usiku ule, na mimi ndiye niliyeiandika.

Pili nilifikiria kusimamisha kurekodi. Hatukuwa hewani moja kwa moja, ningeweza. Lakini tulikuwa na kanuni ya kutosimamisha, kwa sababu ukumbi ukipoa hauchemki tena, na saa 3 tunatakiwa tuwe tumetoka. Zaidi ya hayo, kusimamisha kungekuwa kutangaza mbele ya watu 160 kwamba mtu huyu ana kidonda na ninyi mmekicheka. Niliona ni bora kipindi kimtoe hapo chenyewe. Hadi leo naona hapo niliamua sawa, ingawa Mtafiti haafiki. Yeye anasema ningezima taa tu, jenereta zetu zilikuwa na sifa hiyo, na hakuna ambaye angeshangaa.

Tatu nilimwambia Mwendeshaji: "Toka kwenye daladala, nenda shoo ya Jumamosi." Alisikia. Baadaye alisema alishangaa kwa nini namtoa kwenye kichekesho kinachofanya kazi.

Msimamizi hakungoja amri. Kwenye pazia la pembeni alikuwa amesimama na mgeni wa pili, mama mkulima wa viazi kutoka Rungwe, ambaye watu walimfahamu kwa video fupi akimkatalia dalali lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi. Zamu yake ilikuwa baada ya matangazo. Msimamizi alimgusa bega tu, akamwambia, "Mama, nenda kamsaidie yule kijana." Hajui mpaka leo kwa nini alitumia maneno hayo.

Mama akaingia bila muziki wala makofi, mtandio kichwani, mkoba kwapani. Akasimama mbele ya Staa.

"Watoto wa Dar siku hizi shikamoo mmeiacha wapi?"

Ukumbi ukapasuka. Staa akainuka kama aliyeamshwa, akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe hiyo kofia, si yako hiyo. Keti."

Akaichukua, akaitia mkobani, akaketi katikati, kati ya Staa na meza. Kisha akamgeukia Mwendeshaji na kuanza lumbesa yake palepale: gunia linaloshonewa kichwa juu ya kichwa mpaka linakuwa na shingo, bei ikabaki ya gunia moja. Dakika mbili baadaye Staa alikuwa anamuuliza maswali. Dakika ya tisa alikuwa anacheka. Noti alikuwa bado amezishika.

Ijumaa: turushe au tusirushe

Akiwa anaondoka, Staa alimwambia Msimamizi, "Ile ya brother msiiweke." Msimamizi akaniambia. Mimi nikampigia nani? Meneja.

Meneja alikuwa ameshaongea na Staa, au alisema ameshaongea, na jibu lake lilikuwa turushe yote. Kwamba ile kimya itatrend, na shoo ni kesho. Bosi wa kituo naye akaona hivyohivyo, neno alilotumia ni kiki, yaani kuvuma. Saa 4 asubuhi nilikuwa na ruhusa mbili mezani na mhariri amekwisha kuweka zile sekunde 11 kwenye tangazo la kipindi.

Mtafiti akauliza ana namba ya Staa nani. Hakuna. Alikwenda hotelini kwa bajaji, akamkuta anakunywa chai, wakaongea kama robo saa. Akarudi na majibu yote ambayo tungeyapata wiki mbili nyuma. Hiace ile ilikata breki kwenye mteremko. Siku hiyo Staa hakwenda kazini. Zaidi ya hapo sitaandika, kwa sababu ndicho alichoniruhusu. Alisema konda aliyevua kofia walikuwa wanafahamiana tangu enzi zile. Na hakusema tufute kila kitu: ndege iacheni, mama muacheni, swali la brother na kicheko kilichofuata ondoeni.

Tulikata dakika saba kati ya kumi na sita. Mama anaonekana akiingia ghafla na kofia inaonekana ikitoka kusikojulikana. Ni uhariri mbaya, na sikuwahi kusimamia kazi mbaya kwa roho safi namna ile. Bosi wa kituo hakufurahi.

Yaliyofuata

Jumamosi mchana kipande kilivuja. Mtu wa mstari wa tano alikuwa na simu. Kilikuwa na picha ya kutikisika na kicheko cha watu waliokuwa karibu naye, ambacho ndicho kilikifanya kionekane kibaya kuliko cha kwetu. Wakazi wa Uyole wakaanza kueleza kwenye maoni nini kilitokea, na watu waliokuwa ukumbini wakaandika wanaona aibu. Jumatatu Mwendeshaji alirekodi samahani ya sekunde 40 bila bendi na bila meza. Alitaka kuweka kichekesho kimoja mwishoni, nikamkatalia, tukanuniana wiki nzima.

Staa hakusema lolote hadharani. Aliporudi Mbeya mwaka uliofuata alikwenda kuhojiwa kwingine. Makonda wale wawili tuliwapelekea ujumbe. Mmoja alijibu, yule aliyeketi hakujibu.

Uchambuzi

Nianze na simu, kwa sababu yote mengine yanatoka hapo. Anayetazama kipindi cha Kimarekani anaona meza, kochi, bendi na kikombe. Asichokiona ni kwamba siku moja au mbili kabla, mtayarishaji anayehusika na sehemu ya mgeni huyo ameongea naye kwa kirefu, amemsikiliza akisimulia hadithi zake, amechagua mbili tatu, na kumwandikia mwendeshaji vidokezo vya kuzifikia. Mgeni anapoulizwa "nasikia ulipata mkasa uwanja wa ndege," aliyeuliza anaujua mkasa na mwisho wake. Kinachoonekana kama bahati kimeandaliwa. Sisi tulinakili vinavyoonekana kwenye kioo. Meza tulinunua, simu hatukupiga.

Wapo watakaosema kwamba maandalizi yanaua mshtuko, na mshtuko ndio utamu. Mfano wanaoupenda ni wa Julai 1995, Jay Leno, aliyekuwa mwendeshaji wa The Tonight Show, alipomuuliza Hugh Grant alikuwa anafikiria nini, wiki mbili baada ya mwigizaji huyo kukamatwa na polisi Los Angeles. Swali kali, na linakumbukwa mpaka leo. Lakini liangalie vizuri: Grant alijua kabisa ataulizwa. Kila gazeti lilikuwa limeandika. Alikwenda akiwa amejiandaa kubanwa, akakiri kosa, akapigiwa makofi. Ukali wa swali haukumkuta usingizini. Letu lilikuwa jepesi kuliko lile mara kumi, na ndilo lililomuumiza mtu.

Orodha ya meneja ilitulaza. Ukishapewa mambo manne yaliyokatazwa, akili inakwambia yaliyobaki ni halali. Orodha ya namna ile hutengenezwa kumkinga msanii na magazeti: mapenzi, madeni, ugomvi. Msiba wa miaka mingi iliyopita hauko kwenye orodha ya meneja, kwa sababu hauna kesi wala mkataba, na pengine hajawahi kuusikia. "Mimi ndiye yeye" ni sentensi ambayo sasa nikiisikia nafunga daftari.

Kuhusu mahojiano ya redio, kosa letu lilikuwa la kitaalamu kabisa, na naliona likirudiwa kila siku. Tarehe tuliyoiona ilikuwa ya siku mtu alipokipandisha kile kipande mtandaoni. Siku Staa alipokuwa anaongea ilikuwa miaka kadhaa nyuma, kaka yake akiwa hai. Kile kicheko kilikuwa cha mtu ambaye jioni atamkuta kaka yake nyumbani. Mtafiti alihisi kuna pengo, akauliza swali linalofaa, na kikao kikapita juu yake kwenda kwenye mafuta ya jenereta. Hapo simlaumu Mwendeshaji. Kuruhusu swali hilo lijibiwe au lisijibiwe ilikuwa kazi yangu.

Na jibu lilikuwa mstari wa mbele. Hili ndilo linanikera zaidi. Tuliwaleta makonda wawili wa Uyole, tukawapa soda, tukawafanyisha mazoezi ya kuita abiria mara tatu, na hakuna aliyewauliza kama wanamfahamu Staa. Kipindi cha mkoani kina faida moja dhidi ya vya Dar: watu wanajuana. Sisi tuliitumia faida hiyo kama mapambo.

Mwendeshaji ana utetezi wake, na si wa kupuuzwa. Kwanza alisema kimya cha mgeni kwenye vipindi hivi mara nyingi ni mchezo. Alikuwa ametazama mara nyingi mwigizaji Joaquin Phoenix alivyokaa mbele ya mwendeshaji David Letterman Februari 2009, ndevu na miwani myeusi, akijibu neno moja moja, huku Letterman akimtania kwamba ni bahati mbaya hakuweza kufika. Mwaka uliofuata ikajulikana Phoenix alikuwa anaigiza. Ni kweli. Ila mwigizaji anayenyamaza kwa makusudi ananyamaza tangu anapoingia. Mtu aliyekuwa anasimulia ndege kwa raha, kisha akanyamaza kwenye neno moja, huyo neno limemgusa. Tofauti hiyo inafundishika.

Utetezi wake wa pili ulinipa kazi zaidi. Yeye ni Mhehe, Staa asili yake ni Songea, na Wahehe na Wangoni ni watani. "Mtani anatania hata msibani," aliniambia, "mimi kosa langu nini?" Ni kweli mtani anatania msibani. Anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anawacheka wafiwa, na wafiwa wanashukuru. Lakini mtani huyo amefika msibani. Amekuja anajua nani amekufa, na mikono yake inashika kazi za msiba. Ruhusa yake inatokana na hapo. Mwendeshaji wetu alitania bila kujua kuna msiba, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Nilimwambia hivyo, akanyamaza, kisha akasema, "Basi kama ni hivyo nilitakiwa nimpigie simu mimi mwenyewe." Nadhani alikuwa sahihi kuliko mimi, maana siku zote nilikuwa nafikiri ni kazi ya mtayarishaji.

Kilichofanya kazi ni mama wa viazi, na ni lazima tuwe wakweli kwamba ilikuwa bahati iliyomkuta mzee mwenye macho. Hata hivyo kuna la kujifunza. Hakumpa pole mbele za watu, jambo ambalo lingemmaliza. Alimpa kitu cha kufanya ambacho mwili unakijua: kuinuka na kuamkia. Akaondoa kofia. Akakaa katikati, akamkinga na meza kwa mwili wake. Kwenye kamera ilionekana kama kichekesho cha bibi mkali. Tangu hapo tulianza kumweka mgeni wa pili pembeni ya jukwaa tangu dakika ya kwanza, akiwa na maiki iliyowashwa, na Msimamizi ana ruhusa ya kumwingiza bila kuniuliza.

Uamuzi wa Ijumaa ni kosa lilelile mara ya pili, ndani ya saa 14. Mtu amesema mwenyewe, kwa mdomo wake, msiweke. Mimi nikaenda kuthibitisha kwa mwakilishi wake. Kama Mtafiti asingepanda bajaji ile tungerusha. Sina utetezi hapo.

Tunavyofanya sasa

Mgeni anapigiwa simu na Mtafiti na baadaye na Mwendeshaji, wote wawili, na hatuanzi na maswali ya kipindi. Mtafiti huanza kwa kumuuliza ametokea wapi na nani yupo nyumbani. Mtu akiwa na msiba, katika majibu hayo mawili utausikia. Mwisho humuuliza kuna hadithi gani ambayo watu wanapenda aisimulie na yeye hapendi.

Wanaogoma simu wapo. Mwezi uliopita meneja mmoja aliniambia msanii wake hapokei namba ngeni. Hatukumfuta. Tulimpangia dakika nne badala ya kumi na mbili, aimbe, ataje shoo yake, asalimie watu wa Kyela wanakotoka wazazi wake, aondoke. Meneja alilalamika kwamba tumempunja. Msanii alipofika akashangaa. Akasema hakuna aliyemwambia kama tulitaka kuongea naye, akamwandikia Mtafiti namba yake nyuma ya tiketi ya basi.

Kofia ya konda mama hakuirudisha, na hatukuidai.